Filamu ya Kuchagua Haijafa: Tulipewa Kitufe, Tukanyimwa Uzito

Desemba 2024 Netflix ilifuta karibu filamu zake zote za kuchagua, zile ambazo unaulizwa mhusika afanye nini, unabonyeza, hadithi inaendelea. Mei 2025 ikafuta hata Bandersnatch, ile ya Black Mirror ya 2018 ambayo watu walikesha wakichora ramani za njia zake. Halafu wataalamu wakajitokeza. Mnawajua. Wale wa "mimi nilisema." Ati filamu ya kuchagua ilikuwa kiini macho. Ati mtu akikaa mbele ya skrini anataka kupumzika, si kuulizwa maswali. Ati gemu ni gemu na sinema ni sinema, kila mtu abaki kwao.

Mimi nasema hapana. Kilichokufa ni filamu iliyoiba kitufe cha gemu na kuacha kile kilichokipa kitufe maana. Ni kama mtu aliyeona biashara ya chapati inalipa pale steji, akanunua kikaango na jiko, akasahau unga. Sasa anazunguka akilia kwamba Wakenya hawapendi chapati.

Na habari hii inatuhusu sisi tulio na simu na bando la wiki kuliko inavyowahusu wenye studio. Nitaeleza kwa nini. Kwanza tuongee gemu.

Unga wenyewe ni upi?

Kama kwako gemu ni FIFA tu, mbao kwa mechi pale base, acha nikupeleke upande wa pili. Mwaka wa 2012 kampuni ya Telltale ilitoa The Walking Dead. Wewe ni Lee, mwanamume aliyekuwa akipelekwa jela siku mazombi walipoanza kula watu. Unakutana na Clementine, mtoto wa miaka minane aliyeachwa peke yake nyumbani. Kuanzia hapo kila unalosema linasikika na mtoto. Ukidanganya mtu, maandishi madogo yanatokea juu kukuambia kwamba Clementine atakumbuka. Hakuna pointi hapo, hakuna levo ya kupanda. Kuna mtoto tu anayekutazama, na wewe msee mzima unaanza kujirekebisha kama mzazi anayejua watoto huiga.

Maswali yenyewe yana mstari unaopungua. Muda ukiisha kabla hujajibu, Lee ananyamaza, na kunyamaza ni jibu. Watu wa gemu wanakuona umenyamaza na wanakuchukulia hivyo.

Katika sehemu ya kwanza unalazimika kuokoa mmoja kati ya wawili, Doug au Carley. Uliyemwacha anakufa. Ukifika sehemu ya tatu, yule uliyemwokoa naye anauawa, awe Doug, awe Carley. Wataalamu wakisikia hivyo wanapiga makofi: "Si unaona? Chaguo lilikuwa bandia." Bandia kwa nani? Mimi nilimwokoa Carley. Nilitembea naye masaa, nikamzoea, nikamtegemea. Aliyemchagua Doug alimlilia Doug. Barabara zetu zilikutana tena, lakini hatukufika pale tukiwa tumebeba mzigo mmoja.

Hoja yangu yote iko hapo. Uzito wa chaguo hauko kwenye idadi ya miisho. Uko kwenye kile unachoondoka nacho.

Chukua Until Dawn ya 2015. Vijana wanane, nyumba moja mlimani, usiku mmoja. Wote wanane wanaweza kuishi, wote wanane wanaweza kufa, kutegemea wewe. Na gemu inajihifadhi yenyewe muda wote, kwa hivyo ukikosea hurudi nyuma dakika mbili kujifanya hukuona. Aliyekufa amekufa, na hadithi inasonga bila yeye. Kuna pahali mhusika amejificha na gemu inakuambia usisogee. Si mhusika, ni wewe. Kidude ulichoshika mkononi kinapima mtikisiko wako. Mkono ukitetemeka, unaskika. Sinema gani imewahi kufanya pumzi yako kuwa sehemu ya hadithi?

Ama Detroit: Become Human ya 2018. Kila sura ikiisha unaonyeshwa mchoro wa njia uliyopita pamoja na zile ambazo hukuzigusa, na asilimia ya wachezaji waliofanya kama wewe. Unagundua kumbe kulikuwa na mlango ambao hukuufungua. Unalala ukiuwaza.

Ama Papers, Please ya 2013, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Lucas Pope. Wewe ni afisa wa mpakani. Unapiga mihuri pasipoti. Mshahara wako unategemea umehudumia wangapi bila makosa, na jioni unaona bili: chakula, joto, dawa ya mtoto. Anakuja mwanamume, karatasi zake ziko sawa, unampitisha. Nyuma yake kuna mkewe, karatasi hazijakamilika. Utafanya nini? Gemu haikuhubirii kuhusu rushwa wala utu. Inakupa muhuri mkononi na kukukumbusha kwamba nyumbani hakujapikwa.

Kwa hivyo unga una vitu vitatu: kumbukumbu, bei, na kimya. Hadithi ikumbuke ulichofanya. Ulichofanya kiwe na bei. Na kutofanya kitu kuhesabiwe pia.

Sasa tuangalie Netflix walipika nini

Swali la kwanza la Bandersnatch ni kijana Stefan ale nini asubuhi, Frosties au Sugar Puffs. Una sekunde kumi. Baadaye unaona tangazo la kile ulichochagua kwenye televisheni, unacheka, basi. Enyewe ni utani mzuri. Lakini chukua njia ambayo waandishi hawaitaki na filamu inafika ukingoni, inakurudisha nyuma uchague ile nyingine. Hapo bei imeshafutwa. Mtu akijua atarudishwa, anabonyeza kama anayebadilisha chaneli.

Najua mtaniambia nini. Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya Bandersnatch: Stefan hana uhuru, na wewe pia huna. Sawa. Lakini utani huo una umri kuliko Netflix yenyewe.

Mwaka wa 1967, kwenye maonyesho ya Expo huko Montreal, banda la Czechoslovakia lilionyesha Kinoautomat, kazi ya Radúz Činčera. Kila kiti kilikuwa na kitufe chekundu na cha kijani. Filamu inasimama, mshereheshaji anapanda jukwaani, anauliza: Bwana Novák amfungulie mlango jirani aliyejifungia nje akiwa na taulo tu, ama asimfungulie? Watu wanapiga kura, wengi wanashinda. Nyuma ya pazia kulikuwa na projekta mbili zinazoenda sambamba, na mtu anayefunika lenzi ya moja na kufunua nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia yote. Filamu inaanza na jengo likiungua, na mpigie kura vyovyote, mwishoni jengo linaungua. Činčera alikuwa anacheka demokrasia, na watawala wa nchi yake hawakuifurahia; baadaye ikazuiwa.

Utani wa "chagua utakavyo, hakuna kitakachobadilika" ni mtamu. 1967 mara ya kwanza. 2018 mara nyingine. Ukiufanya kuwa kanuni ya aina nzima ya filamu, huo ni uvivu umevaa miwani.

Halafu kuna hii ambayo ilinichoma kabisa. Aprili 2025 Hollywood ilitoa filamu ya Until Dawn. Gemu ambayo roho yake yote ni kuchagua, wakaigeuza filamu ya kukaa na kutazama. Vijana wanakufa, usiku unaanza upya, wanajaribu tena. Yaani wahusika ndio wanacheza gemu, sisi tunawaangalia kama mtoto aliyenyimwa pedi na kaka yake. Walinunua jina, wakaacha nje kitu pekee kilichofanya jina lijulikane. Na hao hao ndio wanatuambia aina hii haiuzi.

"Lakini msanii ndiye anapaswa kuamua"

Hili ni pingamizi ambalo nalipa heshima, kwa sababu wanaolisema wanapenda sinema kweli. Wanasema ukimpa mtazamaji usukani, sauti ya mwandishi inapotea.

Rudi kwenye mpaka wa Papers, Please. Nani aliamua mke awe na karatasi pungufu na mume awe sawa? Mwandishi. Nani aliamua mtoto wako awe mgonjwa siku hiyo hiyo? Mwandishi. Menyu yenyewe ni sauti. Ukinipa kuchagua kati ya kusaliti rafiki na kulala njaa, tayari umeniambia unaionaje dunia hii. Na kile ambacho hukukiweka kwenye menyu kinasema zaidi. Mwandishi wa filamu ya kuchagua haongei kidogo. Anaongea kisha ananyamaza pahali sahihi, akuache na mkono wako mwenyewe.

Na sisi Wakenya tukisema mtazamaji hafai kuingilia hadithi, tunajisahau. Fasihi simulizi tulisoma sote. Fanani na hadhira, mliandika kwenye mtihani mkapata alama: hadhira hushiriki, huitikia, huuliza, huimba. Kisha tukimaliza shule tunashika kamera na kuiambia hadhira ifunge mdomo. Nenda kibanda cha video umsikilize DJ Afro juu ya filamu ya mapigano. Amechukua kazi ya watu, ameipa Kiswahili chake na vichekesho vyake, na watu wanarudi kwa ajili yake. Nenda nyuma zaidi, Kamĩrĩthũ, Limuru, 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo, lakini mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji wakawa wanasahihisha: mzee haongei hivi, kiwandani mambo hayaendi hivi. Mchezo ukawa wao. Serikali ikaondoa kibali, na Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Mtu hafungwi kwa sababu ya kitu kisicho na nguvu.

Kwa nini hii si mambo ya burudani tu

Fikiria filamu zinazotengenezwa kwa ajili ya vijana hapa nyumbani. Zile za mafunzo. Binti anaingia kwenye gari la sponsa, dakika ya tatu unajua ataishia hospitali. Kijana anavuta mara moja, dakika ya tano yuko jela. Mwisho ni mmoja na tunaujua kabla ya jina la mwongozaji. Zinatufundisha nini? Woga. Hazitufundishi kupima, kwa sababu hakuna kilichowekwa kwenye mizani. Upande mmoja uko na shetani, mwingine uko na malaika, na muziki wa huzuni unakuonyesha ni upi ni upi.

Maisha hayako hivyo na sote tunajua. Mimi niliacha chuo. Watu wazima wa familia walikuwa na filamu moja tu kichwani kuhusu kijana aliyeacha chuo, na ilikuwa na mwisho mmoja. Hakuna aliyeniuliza kwenye mizani kulikuwa na nini. Na wenzangu waliobaki nao walipewa filamu yao yenye mwisho mmoja, ile ya kofia nyeusi na kazi nzuri, na wengi wao sasa wanaulizana imekatikia wapi.

Filamu ya kuchagua yenye unga ingeweza kutufanyia kile ambacho mahubiri hayawezi. Acha nikupe mfano, uuchukue bure.

Shiko, mwaka wa pili. Pesa ya HELB imeingia, elfu kumi na nane. Keteka wa ploti anataka kodi elfu sita. Ndugu yake wa kidato cha tatu amerudishwa nyumbani kwa elfu nane. Na kuna msee anauza kamera iliyotumika kwa elfu kumi na mbili, kamera ambayo ingemwingizia pesa kila wikendi. Hesabu haikubali vyote. Hakuna mbaya hapo. Kuna vitu vitatu vizuri na mfuko mmoja.

Sasa simu inalia. Ni mamake. Skrini ina vitu viwili: pokea, kata. Na ukikaa tu unatazama, inalia mpaka inanyamaza yenyewe. Hiyo ni njia ya tatu, na wewe unajua ni ngapi kati yetu tungeichukua. Mamake hatasema kitu. Lakini siku nyingine Shiko akipiga simu nyumbani, anayepokea ni ndugu yake, na anasema mama yuko shambani, wakati sauti ya mama inasikika nyuma.

Hakuna jela hapo, hakuna hospitali. Kuna bei tu. Mtu akimaliza hiyo filamu atapiga simu nyumbani bila kuambiwa.

"Hiyo ni pesa nyingi"

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bure, kwa sababu ya hesabu mbaya. Wanafikiri kila chaguo lazima lizae dunia mpya. Ukiwa na machaguo matatu ya njia mbili mbili na kila njia iende zake, unahitaji kipande 1 cha mwanzo, kisha 2, kisha 4, kisha 8. Jumla 15, na mtazamaji anaona vinne tu. Kwa vipande vya dakika mbili, umepiga dakika 30 ili mtu atazame 8. Hapo kweli utafilisika.

Gemu zilitatua hili kitambo, na ni siri ile ile ya Doug na Carley. Njia zigawanyike, zirudi zikutane, zigawanyike tena. Kipande 1, kisha 2, pamoja 1, kisha 2, pamoja 1, miisho 2. Jumla 9, na mtazamaji anaona 6. Umepiga dakika 18, anatazama 12. Hiyo ni wikendi mbili na marafiki wanaokudai lanchi.

Lakini vile vipande vya pamoja ndivyo vinabeba kumbukumbu, kwa hivyo usiwe mchoyo. Vipige mara mbili na badiliko dogo. Shiko anakula na rafiki yake jioni, maneno yale yale. Kama hakupokea simu, imelazwa kifudifudi mezani. Kama alipokea akadanganya, anaiangalia kila ikimulika. Waigizaji wako pale pale, taa ziko pale pale, umeongeza dakika kumi za kupiga. Mtazamaji anahisi filamu inamjua.

Vifaa? Twine ni programu ya bure, unapanga njia zako kwa visanduku na mishale kabla hujagusa kamera. YouTube inakuruhusu kuweka viungo hadi vinne ndani ya sekunde 20 za mwisho wa video. Sekunde hizo ziwe simu inalia, si wewe ukisema "bonyeza hapa." YouTube haitakumbuka mtu alichagua nini, kwa hivyo kumbukumbu yako iwe kwenye njia: kila video inajua mtu ametoka video gani. Činčera alikuwa na projekta mbili na kifuniko cha lenzi. Wewe una zaidi.

Na kwa wenzangu wa kutengeneza maudhui, bila kinyongo: kura ya stori ya "nile chipo ama pilau" si hadithi shirikishi. Kesho hakuna anayekumbuka ulikula nini, hata wewe. Umeshajifunza kuuliza watu wachague. Sasa jifunze kuwafanya wajali walichochagua.

Netflix walikuwa na pesa zote na wakaondoka na kikaango chao. Sawa, soko liko wazi. Andika machaguo matatu. Yasiwe na jibu sahihi. Weka simu inayolia ambayo mtu anaweza kuiacha. Ukimaliza nitumie linki, nitaitazama mara mbili, na mara ya pili nitajaribu kuchagua tofauti. Nikishindwa kwa sababu moyo umekataa, jua umeweza.